Tathmini ya mafunzo ya takwimu za majaribio ya dawa, Mji Mkongwe

Mafunzo haya ya Jumamosi, yanayotolewa kwa Kiswahili katika ukumbi mdogo wa Mji Mkongwe, yamekusudiwa wauguzi, wafamasia na madaktari ambao huishia kwenye muhtasari wa ripoti kwa sababu majedwali yanawatisha. Kwa sehemu kubwa yanaifanya kazi hiyo vizuri.

Ubora wake umo katika somo la malaria kali. Mwalimu alitugawia ripoti ya jaribio la AQUAMAT, iliyochapishwa mwaka 2010, ambapo watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, walipangiwa kwa bahati nasibu kutibiwa kwa artesuneti au kwinini. Ripoti inasema artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5. Hakuturuhusu kuishia hapo. Alitutaka tufungue jedwali na kupiga hesabu wenyewe. Upande wa artesuneti walifariki watoto 230 kati ya 2,712, na upande wa kwinini 297 kati ya 2,713, yaani asilimia 8.5 na 10.9. Kwa hiyo, katika kila watoto 41 hivi wanaopewa artesuneti badala ya kwinini, anaokolewa mmoja zaidi. Hesabu zote mbili ni za kweli, lakini hii ya pili ndiyo inayomfaa mfamasia anayeagiza dawa za wilaya. Kisha tukaangalia masafa ya uhakika ya ile asilimia 22.5, yaani eneo ambamo ukubwa halisi wa faida unakadiriwa kuwamo, yanayoanzia 8.1 hadi 36.9: faida yenyewe haina shaka kubwa, ila ukubwa wake bado haujulikani barabara.

Thamani ya p nayo ilifafanuliwa kwa usahihi nisiouzoea: huonesha tofauti kama ile iliyopatikana, au kubwa zaidi, ingetokea kwa nadra kiasi gani iwapo dawa hizo zingekuwa sawa, haituambii uwezekano wa dawa kutofanya kazi.

Kasoro kubwa ni kwamba majaribio ya kuthibitisha kuwa dawa mpya si duni kuliko ya zamani yalipitiwa mbiombio, ilhali dawa mseto nyingi za malaria hupimwa kwa njia hiyo, na msomaji asiyeuliza kiwango cha uduni kinachovumiliwa kilipangwa na nani, na lini, anaweza kupotoshwa kwa urahisi. Nakala za michoro pia zilififia mno. Waandaaji wakirekebisha hayo, wayapeleke mafunzo haya Chake Chake pia, kwani muuguzi mwenye zamu Pemba hawezi kuvuka bahari kila Jumamosi.