Kozi ya Kijerumani kwa Wauguzi: Neno "Bibi" Linapokosa Heshima

Nimemaliza kozi ya jioni ya Kijerumani katika kituo kimoja cha lugha jijini Dar es Salaam, iliyoandaliwa kwa wauguzi wanaoelekea kiwango cha B2, yaani ujuzi wa lugha wa kati wa juu, ambacho kwa kawaida hudaiwa na Ujerumani kabla ya kumtambua muuguzi wa kigeni. Sarufi ilifundishwa vizuri na mazoezi ya kusikiliza yalitosha. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni suala la adabu, kwa sababu hapo ndipo nilipofaidika zaidi, na hapo hapo ndipo kozi inapopwaya.

Katika zoezi la kuigiza wodini, mwenzetu mmoja alimwendea "mgonjwa" wa miaka 80, akainama kidogo, akashusha macho na kumwita "Oma", yaani bibi. Kwetu muuguzi anayemwita mzee kwa jina tupu ndiye huonekana hakufunzwa kwao. Mwalimu hakumkaripia. Alimuuliza kwanza kwa nini amechagua neno hilo, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaeleza kwamba mzee wa Kijerumani akiitwa hivyo na mtu asiye wa ukoo wake anaweza kuhisi amefanywa mtoto mdogo, na kwamba heshima anayoitazamia ni "Frau" (Bi.) pamoja na jina la ukoo, "Sie" (wewe ya heshima) badala ya "du" (wewe ya kawaida), na kutazamwa usoni. Tulirudia zoezi hilo mara nne, na hata mara ya nne mwenzetu alikiri kwamba anajiona kama anayemkosea adabu mama yake mzazi. Mwalimu anayeyapa maungamo ya namna hiyo nafasi darasani anastahili sifa.

Upungufu uko katika kitabu, ambacho kinaichukulia adabu kuwa ni kuongeza "bitte" (tafadhali) tu. Sisi tunaposema "naomba maji" au "nisaidie maji", upole wote umo ndani ya kitenzi na sauti, na "tafadhali" haisikiki sana jikoni wala dukani. Kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tukisema "Geben Sie mir Wasser" (nipe maji) kwa nia njema kabisa, kumbe masikioni mwa Mjerumani hiyo ni amri, ambayo "bitte" huilainisha kidogo tu. Muundo unaofaa, "Könnten Sie" (je, ungeweza), umewekwa karibu na mwisho wa kitabu, wakati ulimi umeshazoea ule mwingine.

Ninaipendekeza kozi hii kwa muuguzi yeyote anayejiandaa kwenda huko, ila amwombe mwalimu sura hiyo ya kuomba kwa adabu isomwe tangu wiki za mwanzo.