Sato wa moto, watoto wako sitaha ya chini

Tangu Kulwa na Doto waanze kula ugali, sijawahi kula sato akiwa bado wa moto. Mzazi yeyote anayeishi kando ya Ziwa Victoria anaelewa ninachokisema: mtoto wa miaka mitano hawezi kuachiwa samaki mwenye miiba, kwa hiyo mama hukaa na sahani mbele yake akichambua mnofu, akiuhakiki kwa vidole, akiuweka kwenye sahani ya huyu na kisha ya yule, na anapofika zamu yake mwenyewe hukuta mafuta yameganda, kichwa kimekauka na mchuzi umeshanyweshwa tonge za watu wengine. Baba Kulwa husaidia, lakini yeye huwa anampakata Shija, ambaye ana mwaka mmoja na nusu na ana mkono mwepesi kuliko paka wa mwaloni, pale wanaposhushia samaki.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kuna boti ya matembezi inayochukua familia kutoka Mwanza hadi Ukerewe kwa usiku mmoja, na kwamba jioni wazazi hula peke yao sitaha ya juu huku watoto wakitunzwa chini, sikuuliza kwanza habari za vyumba wala za vitu vya kutazama. Niliuliza kama kuna sato. Boti yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko mawili na wenyewe wameahidi kuyafanyia kazi.

Tulisafiri wikiendi ya Sabasaba. Tuliondoka saa tisa alasiri, tukapita Jiwe la Bismarck kwa karibu kiasi kwamba watoto walihesabu ndege waliokaa juu yake, tukalizunguka rasi la Capri Point hadi kukiona Kisiwa cha Saanane, kisha boti ikageuza kuelekea kaskazini na kutoka kwenye ghuba. Chumba cha familia kina vitanda viwili vya ghorofa na kitanda kidogo cha kukunja. Ni safi, ni kidogo, na hakina jambo jingine la kusimulia. Chakula cha jioni cha wazazi hulipiwa pembeni, shilingi 45,000 kwa kila mtu, na katika bei hiyo uangalizi wa watoto wa miaka mitatu na kuendelea umeshaingizwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu mnatozwa shilingi 10,000 kwa saa.

Sehemu ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni chumba cha watoto, kwa sababu niligundua usiku ule kwamba chakula cha mzazi hakipikwi jikoni. Mpishi anaweza kuwa hodari namna gani, lakini kama mama ana shaka na mlango uliofungwa nyuma ya mwanawe, atakula huku masikio yake yakiwa kwingine, na chakula kinacholiwa kwa masikio hakina ladha. Nasi watu wa Mwanza tuna sababu ya ziada ya kuwa na shaka. Walio na umri wangu walikuwa watoto wadogo tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na kufika bandarini, na hakuna mtaa katika mji huu ambao haukuweka matanga. Mwaka 2018 tukalia tena kwa ajili ya MV Nyerere, iliyopinduka ikikaribia Ukara. Mtu aliyelelewa na habari hizo hapandi chombo chochote bila kuhesabu majaketi okozi kwa macho, na hamwachi mtoto chumba cha chini kwa kuambiwa tu kwamba kila kitu kiko sawa.

Niliomba nionyeshwe chumba kabla hatujang'oa nanga, nao hawakukasirika, jambo ambalo kwangu lilikuwa alama nzuri ya kwanza. Kiko sitaha ya kwanza, juu ya usawa wa maji, na kina milango miwili, mmoja unaotokea upande wa ngazi na mwingine unaotokea moja kwa moja ubavuni mwa boti. Majaketi okozi ya watoto yametundikwa humo humo chumbani, si kwenye sanduku la mbali, nayo ni ya ukubwa wa watoto kweli, yenye mkanda wa kupitisha katikati ya miguu ili mtoto asiteleze na kutokea chini akishaingia majini. Nimeona vyombo vingi ambavyo mtoto huvalishwa jaketi la mtu mzima na kufungwa fundo, eti litatosha. Hapa walimvalisha kila mtoto lake alipoingia, wakamkaza, kisha wakalivua na kulitundika kwenye msumari wenye jina lake, hivyo hata Doto alijua la kwake liko wapi.

Wasimamizi walikuwa watatu kwa watoto kumi na mmoja. Mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima aliyefundisha chekechea kwa miaka mingi, na watoto wote walimwita bibi kabla ya nusu saa kupita. Aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: nani kati ya mapacha huanza kulia, nani hufuata, yupi huogopa giza, na Shija huitwaje akiwa anabembelezwa. Aliandika majibu kwenye daftari. Nilimjibu kwamba Doto ndiye huanza na Kulwa humfuata, ingawa kwa kuzaliwa Kulwa ndiye aliyetangulia, naye akacheka akasema kwa mapacha wa Kisukuma huwa ni hivyo hivyo. Kisha akaniambia sentensi moja ambayo natamani iandikwe kwenye tiketi: "Mama, usiage mara tatu. Aga mara moja, uondoke."

Lazima nikiri kwamba wazo lenyewe halikupokelewa vizuri nyumbani. Mama mkwe wangu aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole ule unaouma kama ni kweli mtu huwapeleka wanawe matembezini halafu akala akiwa amejificha. Nilimjibu kwamba tutakuwa chombo kimoja, tumetenganishwa na ngazi moja tu. Akasema basi afadhali mngewaacha kwangu. Sikumlaumu, kwetu kumwachia bibi wajukuu ni heshima, na kumlipa mtu usiyemjua ili akulindie mwana wakati wewe unakula mlango wa pili kuna sura ya uchoyo. Lakini tofauti ipo. Watoto wakibaki kwa bibi, safari inakuwa ya wazazi. Hapa safari ilikuwa ya wote: wao waliona ndege, waliota jua sitahani na kesho yake walipanda majabali ya Ukerewe pamoja nasi, isipokuwa kwa saa mbili tu za jioni kila kundi lilikula kwa namna inayolifaa.

Na wao walikula vizuri. Meza yao iliandaliwa saa kumi na mbili na nusu, mapema kama inavyopasa. Waliwekewa vipande vya sangara visivyo na mwiba hata mmoja, wali, maharage na tikitimaji. Sangara anafaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu mnofu wake ni mnene na hukatwa vipande safi, na ningependa migahawa ya mjini, ambayo huona fahari kumpelekea mtoto samaki mzima, ijifunze hapo. Tulikaa nao dakika chache wakianza, tukaaga mara moja, tukapanda ngazi.

Huku kwetu jua huzama karibu saa moja kasoro dakika kumi, na mwaka mzima halipishani sana na saa hiyo, kwa hiyo wenye boti hawana kisingizio cha kukosea. Hawakukosea. Tulifika juu likiwa linagusa maji, meza nane zimepangwa kwa nafasi, taa zimefunikwa kwa vitambaa ili wadudu wa ziwani wasijae kwenye vyakula. Boti ilikuwa imeshatia nanga upande uliokingwa na upepo. Mwezi wa saba kuna baridi huko juu baada ya magharibi, nami nashauri kila mtu apande na sweta, kwani mablanketi waliyotoa yalikuwa manne kwa watu kumi na sita.

Chakula kilianza kwa supu ya samaki yenye ndimu na pilipili kiasi, kikafuatiwa na sato wa kuchoma, mzima, mwenye kichwa, kwa ugali wa muhogo na mlenda. Sato alikuwa amepasuliwa mgongoni na kupakwa chumvi, kitunguu saumu na tangawizi tu, akachomwa taratibu hadi ngozi ikawa inavunjika kwa ukucha. Nilianza na kichwa. Nilikula mashavu, nikafyonza macho, nikashuka mbavuni bila haraka, na nilipoinua uso nilimkuta Baba Kulwa ameacha kula ananitazama. "Mama Kulwa," akaniambia, "kumbe wewe huwa una njaa." Kitamu cha mwisho kilikuwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyochemshwa na kumiminiwa rojo la karanga, na hilo ndilo jambo nililompongezea mpishi mwenyewe, kwani hoteli nyingi hapa Mwanza hukuletea keki kavu huku viazi vyetu vikiachwa kwa wauzaji wa barabarani.

Sasa malalamiko. La kwanza ni mwendo wa jikoni. Tuliagiza saa moja na robo, sato akafika saa mbili na dakika ishirini, ilhali chumba cha watoto hufungwa saa tatu kamili. Samaki wa kuchomwa papo hapo anahitaji muda, hilo nalijua, lakini kama watoto wana saa yao ya kulala na jikoni lina saa yake, lazima mmoja amsikilize mwenzake. Meli kubwa za matembezi za Karibi zilishalitambua tatizo hili. Kampuni ya Royal Caribbean ina utaratibu ambao watoto wa miaka 3 hadi 11 huhudumiwa haraka, ndani ya dakika kama 40, halafu wasimamizi huja mezani kuwachukua na kuwapeleka kwenye michezo huku wazazi wakiendelea na mlo wao. Meli za Disney, ambazo mtu angedhani kila kona yake ni ya watoto, zina mgahawa uitwao Palo ambao wenye umri chini ya miaka 18 hawaingii kabisa, na watoto wachanga kuanzia miezi 6 hupokelewa kwenye chumba chao kwa malipo ya saa. Sisemi boti ya vyumba kumi na viwili ijilinganishe na meli ya maelfu ya watu. Nasema kwamba hesabu ya dakika haihitaji meli kubwa. Inahitaji mtu mmoja mwenye saa ya mkononi kati ya jiko na chumba cha watoto, na agizo la sato lichukuliwe mchana.

La pili ni zito zaidi. Tuliahidiwa kwamba mtoto akilia kwa zaidi ya dakika tano tutapigiwa simu. Kuta za chumba kile ni za chuma, na simu ya bibi ilipoingia humo ilikosa mtandao. Doto alianza kulia, na Kulwa akamfuata kama nilivyoonya. Bibi akapiga, haikutoka, akapiga tena. Sisi tulikuwa tunacheka juu, tumeiweka simu katikati ya meza kama mgeni wa tatu, tukiamini ukimya wake. Mhudumu alipofika kwa miguu kutuita, mapacha walikuwa wamelia dakika ishirini, na niliposhuka nilimkuta Doto amelala kifuani mwa bibi akiwa bado anakwikwisha kwikwi. Bibi alifanya kila lililowezekana na sina neno naye. Lakini wasimamizi watatu walitosha kumtuma mmoja ngazini baada ya simu ya kwanza kushindikana, na wenye boti walipaswa kuijaribu simu ile mle chumbani kabla ya kuahidi. Ahadi kama hiyo ndiyo mzazi anayoilipia; samaki angempata popote.

Shija, niliyemhofia kuliko wote, alilala saa moja na nusu na hakuamka. Tulilipa shilingi 20,000 kwa kulala kwake.

Asubuhi nilizungumza na nahodha. Alikubali kwamba maagizo ya samaki yatachukuliwa kabla ya saa kumi, na akasema atanunua redio za mkononi. Nilimwambia redio nazo huisha chaji, kwa nini asiweke tu kengele ya kamba kutoka chumba cha watoto hadi sitaha ya juu, kama zile za shule. Akacheka, akanipeleka hadi mlangoni mwa kile chumba na kuinyooshea kidole kengele ya shaba iliyofungwa kitambaa kizito. Ilikuwapo tangu boti inunuliwe. Waliifunga, akasema, kwa sababu watoto walikuwa wanaigonga.