Kidhibiti cha pampu ya tangi kinachouzwa Kampala: ubao mzuri, hesabu ya asilimia mbovu

Kidhibiti hiki kinapatikana katika maduka ya vipuri vya elektroniki katikati ya Kampala, ndani ya kiboksi cha plastiki kisicho na jina la mtengenezaji. Kina sehemu mbili. Moja hufungwa juu ya tangi pamoja na kihisi cha JSN-SR04T, kinachopima umbali hadi kwenye maji kwa mawimbi ya sauti. Ya pili hukaa ndani ya nyumba, ikiwa na skrini ya mistari miwili, vitufe, relei (swichi inayowasha na kuzima pampu) na chipu ya ATmega328P inayoendesha programu. Sehemu ya juu hupima maji na kutuma baiti moja, yaani namba ya 0 hadi 255, kupitia waya: 0 tangi likiwa tupu, 255 likiwa limejaa. Ya ndani huigeuza baiti hiyo kuwa asilimia, na asilimia ndiyo inayoamua pampu iwake au izime.

Ubao wenyewe umetengenezwa vizuri. Lehemu ni safi, terminali zinabana waya sawasawa, na pini sita za kupakia programu zimeachwa wazi. Kasoro iko kwenye programu, tena katika mistari michache tu, lakini ukiifunga ukutani ilivyo, maji yatamwagika.

Anza na mstari wa kugeuza, ambamo b ni ile baiti: map(b, 0, 255, 0, 100). Map ya Arduino, mfumo unaotumika kuandikia programu ya chipu hii, hufanya hesabu ya namba nzima na kutupa desimali yote bila kukadiria. Baiti 254 ni asilimia 99.6, lakini skrini huandika 99. Katika thamani zote 256, ni 255 peke yake inayoleta 100. Sasa soma sharti la kuzima pampu: if (asilimia == 100). Maji yakiingia kwa nguvu uso wake hucheza, kihisi kinarukaruka kati ya 252 na 254, na huenda 255 isifike kabisa. Skrini inaonyesha 98 au 99 na pampu inaendelea kusukuma.

Badilisha uandike hivi:

asilimia = (b * 100 + 127) / 255;

Ile 127 ni nusu ya 255, na ndiyo inayopeleka jibu kwenye namba nzima iliyo karibu zaidi. Kwenye AVR, familia ya chipu hii, int (namba nzima ya kawaida) ni ya biti 16 na mwisho wake ni 32767. Hapa kiasi kikubwa kabisa ni 25627, kwa hiyo namba haizidi nafasi yake. Usigawe kwa 256 ili kuokoa muda, maana 25500 ukigawa kwa 256 unabaki na 99 hata tangi likifurika, na tangi haliendi kwa kasi ya kuhitaji ubanifu huo. Sharti la kuzima nalo liwe >= 95, yaani 95 au zaidi, si usawa kamili.

Kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linafanya kazi polepole. Kikomo cha kuwasha pampu, tuseme asilimia 50, huhifadhiwa kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) kama baiti ya 0 hadi 255, na kila kifaa kinapowaka programu huisoma, huigeuza kuwa asilimia, kisha huihifadhi tena. Njia zote mbili hutupa desimali. 50 mara 255 ukigawa kwa 100 ni 127.5, inahifadhiwa 127. Ukirudi, 127 inakuwa asilimia 49.8, inasomwa 49. Umeme ukikatika na kurudi, 49 inakuwa 48, halafu 47, hivyo hivyo hadi 40, ambako inasimama kwa sababu 40 ni sawasawa na baiti 102. Mwenye nyumba anaona pampu inachelewa kuwaka, anaita fundi, fundi anabadilisha kihisi kizima, na shida inabaki palepale. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi, haihitaji muda mrefu kufika huko.

Dawa si kukadiria vizuri zaidi, ingawa ukikadiria pande zote mbili 50 hurudi 50. Dawa ni kuhifadhi asilimia yenyewe. Namba ya 0 hadi 100 inaingia kwenye baiti moja bila kugeuzwa. Tena inatibu kosa la tatu: EEPROM ambayo haijaandikwa kitu husomeka 255, na programu hii huitafsiri kuwa asilimia 100, hivyo kifaa kipya huwasha pampu mara tu unapokichomeka. Weka sharti kwamba chochote kinachozidi 100 kichukuliwe kuwa 50. Na utumie EEPROM.update, inayoandika tu thamani ikiwa imebadilika, badala ya EEPROM.write, maana kumbukumbu hiyo imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 tu.

Wanaotaka kuondoa sehemu ya juu na kuunganisha kihisi cha presha moja kwa moja kwenye pini ya analogi wajue kwamba usomaji sasa ni wa biti 10, yaani 0 hadi 1023. 1023 mara 100 ni 102300, na int haiibebi: skrini itapanda hadi 31, kisha itaruka hadi namba hasi. Andika 100L badala ya 100, ili hesabu ifanywe kwa namba ya biti 32, na ugawe kwa 1023. Desimali pia usihangaike nazo. Baiti moja ina hatua za asilimia 0.39, yaani karibu lita 4 kwenye tangi la lita 1000, na sprintf ya AVR, amri ya kupanga maandishi ya skrini, ukiipa %f (alama ya desimali) huandika alama ya kuuliza.

Jaribu mezani kabla ya kupanda juu ya tangi. Tuma baiti 0, 1, 127, 128, 253, 254 na 255. Majibu sahihi ni 0, 0, 50, 50, 99, 100 na 100. Tumia programu inayotuma baiti halisi. Ukiandika 254 kwenye dirisha la siriali la Arduino, zinatoka herufi tatu, yaani baiti 50, 53 na 52, na skrini itaonyesha 20, 21, 20. Hapo kifaa hakijakosea.

Kihisi kifungwe juu kiasi kwamba maji yakijaa yabaki chini yake kwa sentimita 25 hivi, kwa kuwa hakisomi kitu kilicho karibu sana. Relei ni ya ampea 10. Kwa pampu ya nguvu ya farasi 1 weka kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa na relei.

Unaponunua, nenda na flashi na udai faili la msimbo hapo hapo kaunta. Muuzaji asiye nalo mwachie kifaa chake.