Vidonge vya traneksamiki: dawa ya damu, si ya uvimbe

Kwa hedhi nzito inayoletwa na fibroidi (uvimbe kwenye mfuko wa uzazi), vidonge hivi vya miligramu 500 vinafanya kazi yake: vinazuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, hivyo mtiririko unapungua. Dozi ya kawaida ni viwili mara 3 kwa siku, kuanzia damu inapotoka kwa wingi, kwa siku zisizozidi 4. Wengi hukosea hapa: wanameza mwezi mzima wakidhani uvimbe utasinyaa. Hausinyai hata chembe. Wala havirudishi damu iliyopotea; hiyo ni kazi ya madini ya chuma. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu asiviguse. Mwenye figo dhaifu apangiwe dozi na daktari. Pedi ikilowa chapachapa kila saa, usisubiri kidonge, wahi hospitali.