Maji tasa yenye kihifadhi: yanapofaa maabara na yanapoharibu kazi

Haya ni maji tasa, yaani yasiyo na vijidudu, yaliyotiwa kihifadhi kiitwacho alkoholi ya benzili 0.9%, yaani miligramu 9 kwa kila mililita, kwenye kichupa cha mililita 30 chenye kizibo cha mpira. Nayatumia kuyeyushia peptaidi (minyororo mifupi ya aina ya protini) zinazokuja zikiwa unga mkavu, na kwa kazi hiyo nayapa alama za juu. Faida yake ni moja: unachota mara nyingi kutoka kichupa kilekile. Maji tasa ya kawaida ukishayafungua hayana kinga yoyote.

Lakini kihifadhi huzuia bakteria wasizaliane; hakitakasi maji yaliyokwisha kuchafuliwa, wala hakiui mbegu za bakteria. Kwa hiyo kizibo nakifuta kwa alkoholi 70% na kuacha kikauke chenyewe. Sindano nyembamba, geji 21 au 23, naiingiza kwa mshazari, mdomo ukitazama juu, kisha naisimamisha wima. Sindano nene ya geji 18 hukata vipande vya mpira, na utaviona vikielea. Tarehe ya kutoboa naiandika palepale kwenye lebo. Siku 28 zikipita, kilichobaki namwaga.

Kichupa cha peptaidi kiache kwanza kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa. Ukikifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa unageuka matone juu ya unga. Miligramu 5 ukizitia mililita 2 unapata miligramu 2.5 kwa mililita, hivyo maikrolita 100 zina maikrogramu 250. Maji yateremke taratibu ukutani mwa kichupa, halafu zungusha polepole. Usitikise: povu huharibu protini, na alkoholi ya benzili yenyewe inaweza kufanya baadhi ya protini zishikamane. Ukiona maji yamepoteza uangavu baada ya muda, mshuku huyo kihifadhi kabla ya kulaumu peptaidi. Peptaidi zisizopenda maji hazitayeyuka humu hata uzungushe kutwa. Hizo zitafutie kiyeyushi kingine.

Kwenye seli hai ndipo watu wanapoharibikiwa. Seli usiziweke moja kwa moja ndani ya maji haya: hayana chumvi, zitavimba na kupasuka. Hata ukitia maikrolita 10 tu kwenye mililita 1 ya lishe ya seli, umeingiza maikrogramu 90 za alkoholi ya benzili. Lazima kisima cha kulinganishia, yaani kishimo cha sahani chenye seli za kulinganisha, kipate maji yaleyale kwa kiasi kilekile, bila peptaidi. Bila hivyo hujui kilichozidhuru seli ni nini. Vilevile kihifadhi hiki hufyonza mwanga wa urujuanimno karibu na nanomita 257, basi spektrofotometa, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, isawazishwe kwa maji hayohayo, si kwa maji yaliyochujwa ya bombani.

Kwa maabara ndogo, nunueni vichupa vya mililita 10 mkivipata. Cha 30 mara nyingi siku 28 huisha kikiwa bado nusu.