ABIDES: daftari la oda linalokujibu, ukivumilia mwendo wake

Rekodi za biashara ya jana kwenye soko la hisa zina kasoro isiyotibika: ukichomeka oda yako ya kununua hisa 5,000 katikati, hakuna anayeshtuka. Wauzaji wa jana hawawezi kupandisha bei kwa ajili yako. ABIDES, programu huria ya Python ya kuigiza soko la hisa, iliyoanzishwa Georgia Tech na David Byrd, Maria Hybinette na Tucker Balch kisha ikaendelezwa na J.P. Morgan, inaziba pengo hilo. Kila mnunuzi na muuzaji ni wakala, yaani kijiprogramu kinachojiamulia chenyewe. Ukimaliza oda zilizopangwa upande wa mauzo wa daftari la oda (orodha ya oda za kununua na kuuza zinazosubiri), wengine wanaona na kubadili mipango.

Sifa yake kubwa ni saa. Mawakala huwasiliana na soko kwa ujumbe, kila ujumbe una muda wake wa safari, na hesabu ni ya nanosekunde. Oda mbili za bei moja hupangwa kwa iliyofika kwanza, si iliyotumwa kwanza. Ombi la kufuta oda laweza kukuta oda imeshauzwa. Viigizo vingi vya kujitengenezea huanguka hapo hapo.

Pakua toleo la abides-jpmc-public, ulisakinishe kwenye mazingira ya pekee yenye Python ya zamani kidogo, maana maktaba linazozitegemea ni za zama hizo. Kisha endesha usanidi wa rmsc04, soko la mfano linalokuja nalo: soko 1, watengeneza soko 2 (huweka oda za kununua na kuuza pande zote mbili), mawakala wa thamani 102 (hufanya biashara kwa makadirio yao ya thamani halisi ya hisa), wafuata mwelekeo 12 (hufuata bei inakoelekea) na mawakala wa kelele 1,000 (hununua au kuuza kwa bahati nasibu). Huo umati wa 1,000 unadanganya macho. Wakala wa kelele huamka mara moja tu, huweka oda kwenye bei bora ya upande wa pili, basi. Uhai wa bei unatoka kwa wale 102: kiwango chao cha kuamka ni 5.7e-12 kwa nanosekunde, yaani kila mmoja huamka takriban kila sekunde 175, na kwa pamoja oda mpya huja karibu kila sekunde 1.7. Ukitaka soko lililopoa, punguza hapo kwanza.

Bei ni senti katika namba kamili: 100000 ni dola 1,000. Muda unaoupata unabeba na tarehe, hivyo toa nanosekunde za tarehe kabla ya kuchora grafu. Acha book_logging, chaguo la kurekodi daftari, ikiwa imewashwa, la sivyo hutakuwa na historia ya daftari ya kusoma mwishoni. Lakini usiongeze ovyo kina cha kumbukumbu, yaani idadi ya daraja za bei zinazorekodiwa. Kila badiliko la daftari hunakiliwa, na siku nzima ya biashara inameza RAM.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye namba za bahati nasibu. Mbegu ileile (namba inayoanzisha bahati nasibu) na usanidi uleule hutoa matokeo yaleyale, safi kabisa. Tatizo ni kwamba mbegu za mawakala hugawiwa kwa zamu: ondoa wakala mmoja wa kelele, na wote wanaomfuata wanapata mbegu nyingine. Tofauti utakayoiona si ya huyo mmoja. Weka wakala wako wa majaribio mwisho wa orodha, na ulinganishe kwa mbegu nyingi.

Kasi ni ya kawaida tu: daraja za bei zimo kwenye orodha za Python, na oda mpya hutafutiwa nafasi kwa kupita daraja moja moja. Anayetaka kupima injini ya kuoanisha oda kwa mamilioni kwa sekunde aandike kwa C++ au Rust. Mnada wa kufungua soko haumo, wala ukomo wa bei kupanda au kushuka kwa siku kama wa soko la Nairobi. Hayo utayaongeza mwenyewe kwenye wakala wa soko. Kwa kujifunza, hata bila kuendesha chochote, faili la order_book.py linatosha kukueleza oda iliyotekelezwa nusu inabakije kwenye foleni.