TAHADHARI: Kuna "mthamini" wa vito Mbeya, msimwachie dhahabu zenu

Ndugu zangu wa Mbeya, nanyi wa Iringa, Njombe na Songwe, someni hii kabla hamjampa mtu dhahabu aithamini kwa ajili ya bima.

Jirani yetu hapa Uyole alivunjiwa nyumba, nami nikaamua kukata bima ya vitu vya ndani. Wakala akaniambia dhahabu haihesabiwi pamoja na makochi na televisheni. Itajwe peke yake, na iwe na cheti cha thamani. Ninazo bangili nne alizoniachia marehemu mama, zote zimegongwa 750 kwa ndani. Nikaelekezwa kwa mtu mwenye chumba ghorofani, Mwanjelwa. Ana muhuri, ana kitambulisho shingoni, anaongea kwa upole. Akasema mashine yake ya kupimia iko Chunya, niziache, nizifuate kesho yake jioni. Nikaziacha.

Cheti kikaja kimesema gramu 64, karati 22, thamani shilingi milioni 18. Malipo yake yalikuwa asilimia 3 ya thamani, yaani 540,000. Nililipa, na ada ya bima nayo ikapigiwa hesabu kwa thamani hiyo hiyo ya milioni 18.

Wiki tatu baadaye bangili moja ililegea, nikampelekea sonara mmoja mzee zote nne. Nikamwonyesha na cheti. Akakunja uso. "Mwanangu, 750 ni karati 18. Karati 22 hugongwa 916. Huyu kaitoa wapi?" Akaziweka kwenye mizani mbele yangu, moja moja. Tatu zilisoma 11 na nusu kila moja. Ya nne, unene ule ule, upana ule ule, ikasoma 6 na nusu. Jumla gramu 41, siyo 64. Akaikwaruza ile nyepesi kwa tupa, akadondosha tindikali. Ikatoa povu la kijani. Shaba nyeupe! Hata ile 750 ya ndani ilikuwa imechongwa kwa mkono, ukiitazama kwa lenzi tarakimu zimepinda.

Kwa hiyo kuna wizi wa aina mbili hapa. Wa kubadilisha kila mtu anauona. Ule wa cheti umejificha zaidi. Anayelipwa kwa asilimia ana sababu ya kupandisha thamani, na wewe unafurahi kuiona namba kubwa. Lakini kwa kawaida bima hulipa hasara halisi, hailipi namba ya kwenye karatasi. Ningeibiwa, ningelipwa thamani ya kweli tu huku nimetoa bure ada iliyopigwa kwa thamani ya milioni 18, au dai lingekataliwa kabisa kwa maelezo ya uongo.

Mthamini wa kweli hupima ukiwa umekaa hapo hapo. Bei yake huitaja kabla, kwa kazi, siyo kwa asilimia. Huandika uzito wa kila kipande, namba iliyogongwa ndani, na hupiga picha. Huyu hakupiga hata moja. Akianza kukuambia "ukitaka kuiuza nitainunua mimi", ondoka. Na hilo jina la Chunya lisiwatishe: soko la madini la kule ni la wachimbaji kuuza dhahabu yao, halihitaji bangili zako zilale huko. Wakala wa bima naye mhakiki TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama ana leseni, hasa akiwa ndiye anayekusukuma kwa mthamini mmoja tu.

Chumba sasa kimefungwa, simu haipatikani. Nimeripoti polisi na RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Kama una cheti cha mtu wa namna hii, peleka vitu vyako kwa sonara unayemwamini leo, vipimwe ukiwa unaona, kisha unitafute inbox tuunganishe malalamiko.

Na masonara wa Mwanjelwa, Makambako, Iringa mjini na Tunduma, nawaomba sana. Bangili ya mama iliyobadilishwa ni pana kama kidole kidogo, ina maua ya kuchongwa, na upande mmoja ina bonyeo pale ilipobanwa na mlango wa Hiace miaka mingi iliyopita. Mkiletewa, msiiyeyushe. Nijulisheni.